Meneja Mkuu Aliyejenga Timu kwa Rika Moja

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa karai, sabuni ya mche, na rundo la jezi zilizokauka na matope mpaka zinasimama zenyewe. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Kitengela bado ilikuwa mji wa barabara moja, nyumba zikiisha nyumbu wanaanza. Mwenyekiti wa timu, ambaye ndiye alikuwa mwenye kichinjio, aliniangalia mikono kwanza kabla ya kuniangalia uso. Nilikuwa nimetoka machimbo ya mawe na mikono yangu ilikuwa kama mgongo wa kobe.

"Mutua, unajua kufua?"

"Zangu nafua."

"Hizi si zako. Ukirarua moja, mtu atacheza kifua wazi na refa atamtoa. Na mchezaji akikutuma maji, enda."

"Mwenyekiti, mimi ni baba ya watoto."

"Hapa baba ni mimi. Fua."

Nikafua. Hivyo ndivyo niliingia kazi ya mpira. Shule nilifika darasa la nne huko Ukambani, baba akafa, nikaacha. Sisemi ili mnionee huruma. Nasema ili mjue haya niko nayo kichwani sikuyapata kwa kozi. Nilianza na karai na nikamaliza kwa kiti cha meneja mkuu. Kama kuna mwingine wa Kitengela alipanda namna hiyo bila cheti, anyooshe mkono nimwone.

Timu yetu iliitwa Vumbi Rangers. Jina hilo ni la kiangazi. Mvua ikinyesha tungeitwa Matope, kwa sababu udongo wa kwetu ni ule mweusi unaoshika kiatu na haukiachi. Mtunza vifaa, ndiyo kazi yangu ya kwanza, alikuwa analinda jezi, mipira, njumu na pampu. Pia nilichora mistari ya uwanja. Chokaa hatukuwa nayo, kwa hivyo nilitumia majivu kutoka jikoni ya kichinjio, nikiyamwaga polepole na mkebe uliotobolewa. Ng'ombe wakipita kabla ya mechi unachora tena. Mara moja laini-man, mshika kibendera, alisema mpira umetoka, mwingine akasema uko ndani, wakaja kuniuliza mimi mstari ulikuwa wapi. Niliwaambia umeenda na ng'ombe.

Sasa, vijana wanachanganya vyeo, wacha niwanyooshee. Kocha ni wa uwanjani: anafundisha, anapanga nani acheze wapi, anatoa mtu na kuingiza sabu, yaani mchezaji wa akiba. Meneja wa timu anahakikisha watu wamefika, wamekula, wamelala. Meneja mkuu ni mwingine kabisa. Huyo hahesabiwi kwa mechi ya Jumamosi. Kazi yake ni kujenga: nani aletwe, kutoka wapi, akae muda gani, na akiondoka nani yuko tayari. Kocha unaweza kumhukumu jioni hiyo hiyo. Meneja mkuu unamhukumu baada ya miaka, na hapo ndipo mimi nilikwama.

Kwa maana kuna jambo moja katika kazi yangu yote sijalimaliza. Tulikuwa na Meneja Mkuu, Mmaasai wa upande wa Isinya, na siku moja kazi yake iliwekwa mkononi mwangu. Abaki ama aende. Nilisema neno langu. Bado nalitafuna.

Alikuja mwaka uliofuata baada ya mimi kuanza. Mtu mrefu, mpole, koti la suti juu ya shuka, kofia ya kitambaa. Alikuwa amefanya kazi ya mifugo serikalini mpaka wakampunguza. Mwenyekiti alimpenda kwa sababu hakuongea sana. Mimi alinipenda, sijui kwa nini. Wengine wote waliniita Mutua. Yeye aliniita Baba Mwende, jina la kifungua mimba wangu, na hakunituma maji hata siku moja.

Wakati huo timu ilikuwa mchanganyiko. Kipa alikuwa Kioko, kijana wetu wa Kikamba aliyefanya kazi ya mawe. Beki mmoja anatoka Nkoroi, winga anatoka Ngong, wengine wafanyakazi wa viwanda wa upande wa Athi River. Walikuja Jumamosi na mifuko yao, wakacheza, wakaenda. Ukitazama mpira ukiingia katikati yao ni kama wageni wamekutana mlangoni, kila mmoja anangoja mwenzake atangulie. Tulikuwa tunapigwa na timu za shule.

Meneja Mkuu alitazama hivyo msimu mzima bila kusema. Kisha akapotea kama wiki mbili, na aliporudi alikuwa na morani wawili.

Morani mnajua, ni vijana wa Kimaasai waliotahiriwa na hawajawa wazee bado. Hawa walikuwa na nywele ndefu zimesukwa na kupakwa rangi nyekundu mpaka mgongoni. Mmoja aliitwa Saruni. Alikimbia ule ukingo wa kushoto kama mtu anayefukuza kitu kimemla mbuzi. Huyo mwingine, Lekishon, alipewa mpira akaupiga na kidole gumba, ukaenda nyuma yake.

Kocha, mtu wa Embulbul mwenye vyeti viwili ameviweka kwa fremu, alishika kiuno. "Meneja, huyu wa kwanza namchukua leo. Huyu wa pili amekuja kufanya nini?"

"Kula."

"Kula?"

"Morani halagi peke yake. Maziwa hanywi peke yake. Ukimweka Saruni hapa bila mtu wa rika lake, atalala njaa na atarudi nyumbani kesho."

"Kwa hivyo nisajili mtu kwa sababu ya chakula?"

"Msajili. Mfundishe. Miguu iko."

Lekishon alijifunza. Baada ya mwaka alikuwa beki wa kati ambaye washambuliaji walimzunguka kama mti. Lakini Lekishon naye alikuwa na rafiki, na rafiki yake alikuwa na ndugu, na wote walikuwa wa rika moja, watu waliotahiriwa pamoja na kula pamoja na ambao wangezeeka pamoja. Kabla msimu haujaisha, kikosi cha kwanza kilikuwa Kioko golini, Wakamba wawili katikati, na waliobaki wote morani wa rika lile.

Shida ya kwanza ilikuwa kambi. Kambi ni zile siku kabla ya mechi ambapo wachezaji wanakaa mahali pamoja ili wasitangetange. Sisi tulikuwa tunakaa nyuma ya kichinjio na mke wa Mwenyekiti anapika. Morani hawakugusa. Nyama iliyoonwa na mwanamke, wao hawali. Mama wa watu alikasirika, akasema hajawahi kutukanwa hivyo kwake.

Meneja Mkuu hakubishana. Alichukua fahali mmoja kutoka kwa Mwenyekiti, akaita timu yote, na wote wakaingia kwenye miti kando ya mto. Wamaasai wanaita olpul, mahali pa morani kuchinja na kula mbali na nyumba mpaka ng'ombe aishe. Mimi nilienda nyuma yao na mipira kwenye gunia. Wanachemsha supu na magome ya miti machungu, wanakunywa, macho yanawaka, halafu wanakimbia. Wanakimbia mpaka unashikwa na kizunguzungu kwa kutazama tu. Kioko alikunywa kikombe kimoja akanishika bega akaniuliza, "Mzee Mutua, mimi niko hai?" Nikamwambia kimbia tutajua.

Tulirudi kutoka huko tukiwa timu. Sijui kueleza vizuri. Saruni alikuwa anapiga mpira bila kutazama, mahali hakuna mtu, na mtu anafika. Wakifungwa hakuna anayemlaumu mwenzake. Kocha aliniambia, "Mutua, mimi hapa sifundishi, mimi naangalia."

Kisha ikaja mechi ya Kona Baridi.

Kona Baridi iko juu kule barabara ya Magadi inapoanza kuteremka, na upepo wa hapo unaweza kurudisha mpira kwa mwenye kuupiga. Tulikuwa nyuma kwa bao moja. Mapumziko, Kocha akaona Lekishon anachechemea, akamwambia akae, akaita sabu, kijana mzuri wa Nkoroi. Ilikuwa sawa kabisa. Kocha yeyote angefanya hivyo.

Lekishon akakaa. Saruni akaja akakaa kando yake. Halafu mwingine. Halafu wote. Rika lote limekaa chini kwa nyasi, linatazama mbele, hakuna aliyenuna hata mmoja. Uwanjani wamebaki Kioko, Wakamba wetu wawili na yule sabu, ambaye alianza kuangalia kama anaweza kurudi alikotoka.

Refa alikuja. "Nyinyi mmegoma?"

"Hatujagoma," Saruni akasema. "Tumepumzika na huyu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka apone."

Kocha alitupa kofia chini. "Meneja! Ongea na watu wako! Mimi natoa mtu mmoja, mmoja tu!"

Meneja Mkuu alikuwa amesimama na fimbo yake nyuma ya shingo. "Kocha, hapa hakuna mmoja. Ukitoa huyo umetoa boma."

"Basi hii si timu. Hii ni familia. Familia haina sabu!"

"Mrudishe. Mweke mahali hakuna mbio."

Lekishon akarudi akasimama mbele kabisa, mguu mmoja, karibu na goli la wenyeji. Wale wengine waliinuka kama mtu amewapulizia filimbi. Tulishinda mechi hiyo. Bao la pili lilimgonga Lekishon kwa goti lake bovu likaingia. Tulirudi tukiimba, na Kocha peke yake hakuimba. Nilikaa naye, nikamwuliza kwa nini amenuna na tumeshinda. Alisema, "Mutua, nimeona kitu leo na sijui ni kizuri ama ni kibaya." Mimi nikamcheka. Miaka ikapita nikawa na ugonjwa ule ule.

Miaka iliyofuata ndiyo mizuri kuliko yote niliyoona. Mimi nilipandishwa nikawa meneja wa timu, karai nikampa mwingine. Tulichukua ligi ya wilaya. Watu walikuja kutoka Kajiado mjini, kutoka Rongai, wanasimama juu ya malori kutazama timu ya nywele. Wamama waliokuwa wanauza mahindi kando ya uwanja walikuwa wanajua majina yote. Wamaasai na Wakamba walikuwa wanagombana kwa mambo ya malisho na maji wiki nzima, na Jumamosi wanashikana mikono kwa bao la Saruni. Mambo hayo niliona kwa macho yangu, hakuna mtu atanipokonya.

Tukabakisha mechi moja. Tukishinda tunapanda ligi ya mkoa, mahali timu ya Kitengela haijawahi kuingia. Mechi ilikuwa Kajiado mjini, Jumamosi. Jumatatu ya wiki hiyo nilifika uwanjani nikapata watu wanne.

"Wengine wako wapi?" nikamwuliza Kioko.

"Wameenda eunoto."

Eunoto ni sherehe ya kumaliza umorani. Rika lote linakusanyika, kila mama anamnyoa mwanawe zile nywele, na kutoka hapo wanaanza safari ya uzee: kuoa, kushika mifugo, kuketi na wazee. Haiahirishwi kwa sababu ya mpira. Nilikimbia kwa Meneja Mkuu nikamkuta anavaa shuka mpya.

"Na wewe unaenda wapi?"

"Eunoto. Saruni ni mtoto wa dada yangu."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi mtacheza na walioko."

"Hukuwaomba wangoje wiki moja?"

Aliniangalia kama nimemwomba aiambie mvua ingoje. "Baba Mwende, hata kama ningeomba, ningewaomba na mdomo gani?"

Tulienda Kajiado na Kioko, Wakamba wawili, sabu wetu wa Nkoroi, vijana tuliowaokota mtaani, na bado tukakosa mtu mmoja. Nilivaa jezi mimi mwenyewe. Nilisimama kulia nyuma mpaka filimbi ya mwisho. Mpira haukunigusa ila mara moja, kichwani, na sikuutaka. Mabao sitawaambia. Watu wa Kajiado mwishoni walikuwa wanatuonea huruma, na hiyo ni mbaya kuliko kuzomewa.

Tulingoja warudi baada ya sherehe. Saruni alirudi siku moja, kichwa kimenyolewa kinang'aa, kuchukua viatu vyake. Alinisalimia kwa heshima mpya, taratibu, kama mtu anayejaribu sauti. Alisema anaoa. Wengine hata hawakuja. Ukame ukaingia, wakahama na ng'ombe. Msimu uliofuata tulicheza na watu wa kuokota okota, tukateremka daraja.

Hapo kamati ikaitwa.

Tulikaa ofisi ya kichinjio baada ya chakula cha mchana, milango wazi kwa sababu ya harufu. Kulikuwa na Mwenyekiti, Kocha, Mweka Hazina, ambaye alikuwa mama mmoja wa Machakos mwenye duka la nafaka na ulimi mkali, na Mzee mmoja wa Isinya ambaye watoto wake wawili walikuwa wamechezea timu. Mimi nilikuwa wa tano. Meneja Mkuu aliketi kwenye stuli kando ya mlango, kofia kwa goti.

Mweka Hazina alianza. "Mimi nina swali moja. Timu iko wapi?"

"Iko nyumbani," Meneja Mkuu akasema.

"Nyumbani wapi?"

"Wengine Isinya. Wengine Mashuuru. Wengine wamefuata nyasi mpaka karibu na Tanzania."

"Basi sisi hatuna timu. Tuko na marafiki wa mbali."

Mzee wa Isinya aligonga fimbo. "Mama, rika likimaliza limemaliza. Ulitaka wazeeke na kaptula?"

"Nilitaka wamalize mmoja mmoja kama watu wengine!"

"Watu wengine gani?"

Kocha alisema kwa sauti ya chini, na ndiyo sababu nilimsikiliza. "Mjenzi akijenga nyumba ikaanguka yote siku moja, hatumwulizi ilikuwa nzuri namna gani. Nampenda Meneja. Lakini aende."

"Na nani mwingine alitufikisha mlangoni mwa mkoa?" Mwenyekiti akauliza. "Kabla yake tulipigwa na watoto wa shule. Mimi nasema abaki. Rika lingine linakuja."

"Lini?" Mweka Hazina akauliza.

Meneja Mkuu alijibu mwenyewe. "Wadogo wao wametahiriwa juzi. Ni miaka kadhaa."

"Miaka kadhaa! Tukae hapa tukitazama nyasi?"

Ikawa wawili kwa wawili. Mwenyekiti akanigeukia. "Mutua, wewe umekuwa hapa tangu karai. Yule amekuwa bosi wako na ni rafiki yako. Useme."

  Nikamgeukia Meneja Mkuu.

"Ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Kwamba wataondoka wote pamoja."

"Baba Mwende, umekaa na wale vijana miaka yote hii. Zile nywele ulifikiri watazeeka nazo?"

"Mimi ni Mkamba. Mambo ya nywele zenu nitajulia wapi?"

"Hukuuliza."

"Na wewe hukusema!"

"Ningesema, mngeniacha nianze?"

 Hilo ndilo lilinichanganya kabisa. Kama hakujua, ni mjinga na afukuzwe. Kama alijua, basi alitupatia kitu kizuri akijua siku kitaisha, na akatuficha siku hiyo. Na alisema kweli, angetuambia tungekataa, na tungeendelea kupigwa na watoto wa shule mpaka leo. Nilitaka kumshukuru na nilitaka kumrukia, yote kwa mara moja.

Nilifikiria viatu vya Saruni. Nilifikiria mimi nimesimama Kajiado na jezi ya mtu mwingine.

"Aende," nikasema.

Meneja Mkuu alivaa kofia. Alishika kila mtu mkono, hata Mweka Hazina, ambaye alikuwa ameanza kulia bila sababu ya kueleweka. Aliponifikia alinishukuru kwa Kimaasai, "Ashe, Baba Mwende. Wewe angalau umeuliza."

Wiki hiyo hiyo kamati ikanipa kiti chake. Nilikataa siku moja, nikakubali ya pili. Mnataka niwadanganye kwamba sikukitaka?

Nilijenga kinyume chake kabisa. Sheria yangu ilikuwa mtu mmoja kutoka kila mahali. Huyu Nkoroi, huyu Embulbul, huyu fundi wa kuchomelea, huyu mlinzi wa usiku, huyu wa kiwanda. Sikusajili ndugu wawili. Kwa kila namba uwanjani nilikuwa na mtu wa pili anangoja, na huyo wa pili alijua. Hiyo ndiyo inaitwa kina cha kikosi: mmoja akivunjika, akihama, akioa, timu haitingishiki. Kocha alifurahi kama mtu aliyehamia nyumba ya mawe. Alitoa mtu na kuingiza mtu alivyopenda, na anayetolewa anavaa sweta na kuketi.

Timu yangu ilirudi ligi ya wilaya na haikuteremka tena mpaka nilipoacha. Haikuchukua kikombe pia. Tulikuwa pale katikati, mwaka baada ya mwaka, kama gari iliyoegeshwa vizuri. Ninajivunia hilo na sitaomba ruhusa ya mtu. Lakini mechi ikiisha kila mmoja alishika njia yake. Siku moja nilimwona beki wangu na winga wangu wamepitana hapo kwenye steji ya matatu Kitengela, na hakuna aliyemsalimia mwenzake. Niliwauliza kama wamegombana. Walishangaa. Hawakuwa wamegombana. Hawakuwa na habari ya kuambiana, tu.

Nilistaafu kuelekea mwisho wa miaka ya elfu mbili. Miguu ilikataa, na uwanja wetu ulikuwa umeanza kukatwa ploti, wanapima na kamba huku sisi tunapasha misuli. Walinifanyia sherehe nzuri: mbuzi, soda, viti vya kukodi. Watu walisimama kuongea juu ya kazi yangu. Mmoja baada ya mwingine waliniita nguzo, wakanishukuru, halafu wakaanza kusema, "Mnakumbuka ile timu ya nywele?" Na hapo sherehe ikachangamka. Hata Mweka Hazina, na alikuwa amepiga kura afukuzwe, aliinuka kuonyesha vile Saruni alikuwa anakata kona, shuka la meza likiwa begani. Nilicheka pamoja nao. Mke wangu aliniambia usiku huo nilicheka vibaya.

Sikukaa sana. Niliona niende kwa Meneja Mkuu mwenyewe.

Nilimpata nyumbani kwake ng'ambo ya Isinya, anatenga ndama na mama zao. Kofia ilikuwa ile ile, nywele chini yake nyeupe.

"Supa, Baba Mwende," akanisalimia kwa Kimaasai.

"Ipa. Umezeeka."

"Na wewe umenenepa. Umekuja kunifukuza wapi sasa?"

Tulicheka. Chini ya kivuli cha banda walikuwa wameketi wanaume kama sita, watu wazima wenye matumbo, wanakunywa chai na kubishana juu ya kisima. Sikuwatambua mpaka mmoja alipoinuka kunipa kiti na nikaona jinsi alivyoinuka. Ilikuwa Saruni. Wote walikuwa wale wa rika lile. Walikuwa wamechimba kisima pamoja, wakanunua mtambo wa maji pamoja, na watoto wao wanasoma shule moja.  Niliwaangalia tu, na wakanipa chai.

Jioni ilipokaribia nilimvuta Meneja Mkuu kando.

"Mimi nilikuhukumu mbele ya watu," nikamwambia. "Sasa kiti nimekikalia na nimekiacha. Nihukumu na wewe. Ulitazama timu yangu?"

"Nilikuja mara nyingi. Nilisimama nyuma."

"Hukunisalimia!"

"Ulikuwa na kazi."

"Basi sema. Kati ya yako na yangu, nani alijenga?"

 Ndama mmoja alipenya uzio akamfuata mama yake, akaenda akamrudisha polepole, akafunga vizuri, akarudi. Nilifikiri amesahau swali.

"Yako ilikaa," akasema.

"Hiyo ni sifa ama ni tusi?"

"Ni hivyo tu. Ilikaa. Yangu iliisha."

Aliyasema yote mawili kwa sauti moja, kama mtu anayetaja ng'ombe mwekundu na ng'ombe mweupe. Nilingoja aongeze. Aliniuliza kama mvua imefika Kitengela.

Vijana, nyinyi mtapewa siku moja kumhukumu mtu aliyejenga kitu. Mtataka mzee kama mimi awape kipimo. Mstari wa uwanja naweza kuwachorea, na kambi, na namna ya kupanga sabu. Hiki kingine sina. Kuna siku naamka nakumbuka Kajiado, naona tulidanganywa na namfukuza tena. Kuna siku nakumbuka wale wanaume sita na chai yao, na namrudisha kwa kiti chake, na mimi narudi kwa karai bila kinyongo. Leo asubuhi ningesema abaki. Mniulize tena jioni.